Kopo la Victorine

Kasungami, Lubumbashi, tarehe 3 Novemba 2024, mwaka wa kumi na sita tangu nitoke Lubero.

Mpendwa Mama Mutale wa safu ya ushauri, naomba msaada wako, mimi mzee Osée, mwalimu wa zamani niliyekimbia vita na begi moja la vitabu, nikapokewa na mwanangu Raoul na mke wake Victorine, binti wa wafanyakazi wa reli, ambaye tangu siku ile hajaniuliza nitaondoka lini, na kila asubuhi hunisagia embe, nanasi na papai kwenye mikseri, umeme ukikatika huyaponda kwa uma na kuyachuja, kisha huongeza maziwa ya unga na vijiko vinne vya sukari, ananiletea kwa mikono miwili akisema, "Papa, kunywa, iko muzuri, hii haiko ya batoto," nami nashukuru kwa moyo wote, ila mwezi wa Agosti daktari alinikuta na ugonjwa wa sukari, na miguu imeanza kufa ganzi.

Shida ni kwamba kwetu nilivyolelewa, baba mkwe hasemi na mke wa mwanawe juu ya chakula anachomwandalia, neno hilo hupelekwa na shangazi wa mume, na dada yangu Kavugho alibaki kule Lubero, na Raoul yuko barabarani na lori karibu mwezi mzima, basi nikaanza kuacha nusu kopo nikidhani Victorine ataelewa, kumbe kwao mzee akiacha kinywaji maana yake aliyekiandaa amekuwa mchoyo, kwa hiyo akatia asali. Nikaacha zaidi, akatia zaidi. Juzi nilimsikia akimwambia jirani, "Papa hafurahi tena, sijue nilimukosea nini," na sasa nafikiri nidanganye kwamba nimepakumbuka nyumbani, nirudi Lubero, nisije nikamvunja moyo mtu aliyenitendea mema kuliko nilivyostahili.

JIBU

Pole, mzee Osée. Lakini mtu mzima, mwalimu, unataka kuvuka nchi nzima ukikimbia kopo la matunda? Victorine anajiona mkosaji, wewe unakunywa kinachokuumiza, na hayo mnayaita heshima. Simu unayo. Mpe Kavugho namba ya Victorine leo, aseme yeye, na desturi yako itakuwa imetimia. Asipopatikana, sema mwenyewe, ukitanguliza shukrani kabla ya neno la daktari.

Kinywaji si lazima kiachwe. Asage nusu avoka, yaani parachichi, kipande cha papai kisichozidi kiganja, tangawizi, maji ya ndimu na maji safi. Asichuje, maana nyuzi za tunda hupunguza mbio za sukari mwilini. Sukari, asali na maziwa ya unga vibaki kabatini. Kopo liwe dogo, linywewe pamoja na chakula, na daktari aulizwe mara ngapi kwa wiki. Dawa usiache. Miguu hiyo ipeleke ikaonwe kesho, si mwezi ujao.

Tarehe 20 Novemba

Mama Mutale, Kavugho alimpigia Victorine simu. Victorine alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaninunia siku mbili. "Papa, miye nakuua na sukari, na weye unanyamaza tu?" Siku ya tatu alileta kopo dogo la kinywaji kizito, kichachu kidogo, akasimama mlangoni kunitazama. Nilimaliza. Daktari ameona miguu na kubadilisha dawa. Nakushukuru, na yeye nimemshukuru kwa mdomo wangu mwenyewe. Sitarudi Lubero.