Ala Uliyonichagulia, Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Jana mchana nilimchezesha mtu mzima dansi kwenye maegesho ya magari pale Braamfontein, na mwenye makosa ni wewe. Ni mlinzi mwenzangu, mgeni kazini, amepata leseni yake juzijuzi, akaniuliza anunue ala ya namna gani ya kubebea bastola chini ya koti. Nikamwambia avae ile aliyokuwa nayo, aweke ndani yake bastola ya plastiki ya mazoezini, kisha acheze kama anapeleka sadaka mbele ya kanisa. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Lakini alicheza, na hata hajalifikia gari la tatu, plastiki ikawa chini ya tairi. Nilicheka hadi machozi, nikakukumbuka mno, nikajua lazima nikuandikie.

Nakuandikia barua ya wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu naijua adabu yako. Kwa desturi mliyolelewa nayo, mkwe hazungumzi na mama mkwe uso kwa uso, hampi mkono, wala hakai naye kochi moja. Mimi mtoto wa Tanga, niliyezoea kupiga soga na kila mtu, nilipata tabu kweli. Miaka ile ya mwanzo hata chumvi ilitoka kwako, ikapitia kwa binti yako Clarisse, ndipo ikanifikia mimi, na sote tupo chumba kimoja. Hata barua hii najua utamwambia mtu akusomee huku umemgeuzia kisogo. Haya, ageuziwe.

Unaikumbuka ala yangu ya kwanza? Ilikuwa ya kitambaa, laini kama soksi, niliinunua harakaharaka kwa sababu ilikuwa rahisi. Sheria ya huku inataka bastola ifichike kabisa na uwe na uwezo nayo muda wote, na mimi nilijiona nimetimiza yote mawili. Kumbe kila nilipopita kumchukua mjukuu wako Neema kwenye chumba chako cha cherehani kule Bellevue, ulikuwa ukinipima kwa pembe ya jicho. Siku moja ukamwambia Clarisse, kwa sauti ya kutosha nami nisikie: "Ambia bwana yako, ile kintu anaigusa-gusa sana. Batu bote banaona asema iko pale."

Niliona aibu maana ilikuwa kweli tupu, watu wote waliona kwamba ipo. Niliigusa nikisubiri robot, taa ya barabarani, igeuke kijani, niliigusa kwenye foleni ya kiduka cha spaza, niliigusa hata nikiomba dua ya chakula. Sikuiamini. Na kulikuwa na jambo zito zaidi. Neema alikuwa na miaka mitatu, kichwa chake kinafika kiunoni kwangu. Nilikuwa nikiingia nyumbani anakuja mbio kunikumbatia kabla sijaifungia bastola kwenye sefu, na siku moja vidole vyake vikazama ndani ya kile kitambaa. Tangu hapo nikawa namzuia mlangoni kwa mkono kama polisi wa barabarani. Baada ya wiki chache akaacha kukimbia. Alisimama kando ya friji akinitazama tu, na mama, lile lilinikata maini.

Nilidhani nimeificha aibu ile humo ndani mwetu. Wewe ulikuja kutuletea sombe, kisamvu chenu, Jumamosi moja, ukakuta narudi kazini, ukaona mkono wangu na ukamwona mtoto kando ya friji. Hukuweka hata sufuria chini. Ulimwambia Clarisse avae viatu, twende sote watatu kwenye duka la silaha, na Neema abaki kwa jirani.

Yule muuzaji mpaka leo ananiuliza habari zako. Uliingia na liputa yako, kile kitenge cha bluu, na utepe wa kupimia shingoni, ukaanza kuuliza maswali. Unamuuliza Clarisse, Clarisse anamgeuzia muuzaji kwa Kiingereza, muuzaji ananijibu mimi, mimi namwambia Clarisse kwa Kiswahili, Clarisse anakurudishia wewe kwa Kiswahili kilekile nilichokisema. Maskini yule bwana alishika kichwa. Aliuliza kama mama ni kiziwi, nikamwambia hapana, ni mama mkwe wangu, akasema eish, kana kwamba hilo lilieleza kila kitu.

Akaleta ya kwanza, ya ngozi ya kahawia, nzuri mno, inanukia kama viatu vipya. Mimi niliipenda palepale. Nilishaitoa kadi ya benki mfukoni wakati ulipomwambia Clarisse aniambie nicheze. Nilidhani unanitania. Muuzaji akaniwekea ndani yake bastola ya plastiki ya kujaribia, nawe ukaanza kupiga makofi na kuimba wimbo wa sadaka, taratibu, ukiangalia ukutani. Mteja mmoja aliyekuwa anachagua tochi akaacha tochi zake. Basi nikacheza. Nilipoinama ule mwinamo mnaoupenda ninyi watu wa Katanga, kitu kikaruka kikaanguka sakafuni. Wewe uliendelea tu na ubeti wa pili.

Ya pili ilikuwa na ukanda wa kufunga juu, ikashika vizuri, lakini chini ya koti ilifanya nundu. Ya tatu ilikuwa ya plastiki ngumu, sura mbaya kama kopo la mafuta ya gari. Inakaa ndani ya suruali, inafunika triga yote, na ukiisukuma bastola ndani unasikia tak. Haitoki mpaka dole gumba likandamize kitufe cha upande wa ndani, mahali ambapo mkono wa mtu mwingine haupafikii kirahisi. Nikacheza ubeti mzima, nikainama, nikaruka, na muuzaji naye akawa anapiga makofi. Ikakaa palepale.

Hapo ndipo ulipojisahau, mama. Ulitoka ukutani, ukanijia moja kwa moja, ukaishika ile bastola ya plastiki kwa mikono miwili na kuivuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Suruali ilipanda, mkanda ukalia, mimi nikayumba nusura niangukie kabati la vioo. Haikutoka. Ukavuta tena, ukaniangalia machoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yako, ukasema: "Njo hii. Mutoto hataweza kuitosha." Kwenu kuitosha ndiyo kuitoa.

Kisha ukaona mikono yako iko wapi. Ulijifunika uso kwa liputa ukakimbilia nje, na Clarisse akakaa sakafuni kwa kicheko. Kesho yake asubuhi akaniletea kuku hai, aliyefungwa miguu, akisema umemtuma kuku huyo kuondoa aibu ya kumshika mkwe. Koti langu nalo ukalirekebisha, ukiwa umegeukia dirisha na Clarisse akikutajia vipimo, ukaongeza bitana ubavuni hadi hakuna kilichoonekana.

Siku niliyoivaa ala hiyo kwa mara ya kwanza sikuigusa hata mara moja toka lindoni kule Bertrams hadi nyumbani. Neema alikuwa kando ya friji. Nilichuchumaa mlangoni nikafungua mikono, naye akanitazama kama anayeuliza. Akaja polepole hatua mbili, halafu akaja mbio. Alinikumba tukaanguka sote, na ile tak yangu ikabaki imefungwa pale ilipo. Nilimbeba mpaka mlangoni pa chumba cha kulala, nikaenda peke yangu kuifungia kwenye sefu, na nilipotoka alikuwa bado anacheka. Sasa ana miaka saba na bado anakuja mbio. Mgongo wangu unalalamika, mimi silalamiki.

Mwaka jana ulipoamua kurudi Lubumbashi kulea wajukuu wengine, niliiacha bastola kwenye sefu tulipokusindikiza uwanja wa ndege. Sikumwambia mtu kwa nini. Nilitaka tu kiuno changu kiwe kitupu siku hiyo, nikitumaini bila kutumaini. Ulimkumbatia Clarisse, ukambeba Neema, ukachukua begi lako ukanipita. Halafu ukarudi. Ukanikumbatia mbele ya watu wote, na mkono wako wa fundi ukateremka wenyewe mpaka kiunoni kwangu, ukapapasa. Ukasema polepole: "Leo haiko." Nikakujibu, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa Clarisse, kwamba leo haiko, mama.

Furaha ya siku ile bado inanitembea mwilini. Clarisse anasema safari hii kuku ni wangu kutuma, maana mimi ndiye niliyekubana na sikukuachia mpaka ndege yako ikaitwa. Nimekataa. Anayetuma kuku anataka jambo lisahauliwe, na mimi nataka lirudiwe. Njoo Desemba, mama. Bastola itakuwa kwenye sefu, Neema atakuwa mlangoni, na mimi nitakuwa nyuma yake.

Ubaki na afya, na huyo anayekusomea sasa mgeukie.

Mkweo,
Baba Neema