Ukuta wa Zakaria

Frere Town, Jumapili, 1961

Ule ukuta niliupaka chokaa mimi, si fundi.

Marehemu Zakaria hakujua kusoma nota. Muziki wake wa fidla tatu aliuchora kwa makaa ukutani mwa darasa: mstari ukipanda, sauti ipande, penye doa, nyamazeni. Alipolazwa aliniomba niunakili. Mimi, mwalimu wa kwaya, nikaona aibu, wageni wa shule wataona michoro ya kitoto, nikaifuta bila kuinakili.

Leo kwenye kumbukumbu yake, mle darasani, wapigaji walipiga mwanzo, wakapotea, wakanyamaza. Mjane wake akaniuliza, "Mwalimu, nani kaufuta?"

"Fundi, mama."

"Maskini. Hakujua, Mungu amsamehe."

Nilijua. Mwisho wa muziki ule hakuna anayeukumbuka, na huyu mama anamwombea fundi.