Skafu Uliyonifumia

Chumbani kwangu, dirisha la uani
Jumapili, tarehe 9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naanza na magoti yako, maana najua ukiulizwa hali kwa ujumla unajibu "njema" hata ukiwa unatambaa. Yale mafuta ya kuchua yamesaidia? Na Mjomba, bado anabishana na redio? Sisi huku hatujambo. Kikohozi changu kimepona, na mwenye nyumba hatimaye ametengeneza bomba, kwa hiyo sasa tunaoga kama watu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nitakudanganya tena. Hukuniita Kidomo bure: mdomo wangu hutoka nje kabla akili haijavaa viatu. Karatasi angalau inaningoja. Basi kaa kitako ndipo usome.

Shangazi, ile skafu uliyonifumia niliigawa. Nilimpa mtu kazini, siku yake ya kuzaliwa.

Pale kiwandani tunapofungasha maziwa kuna utaratibu wetu. Msimamizi anaweka majina ya wote kwenye sufuria ya chai, kila mmoja anachomoa jina moja, na siku ya mtu wako ikifika unamtafutia zawadi wewe peke yako. Michango ya pamoja aliikataa. Anasema mchango humfanya mtu atoe bila kumfikiria anayepewa. Mimi nikachomoa jina la mama mmoja wa chumba baridi, ambaye wote tunamwita Barafu.

Mimi nakaa ofisi ya mbele, napokea oda za wateja. Barafu yuko nyuma kabisa, anapanga makreti kwenye chumba ambacho ukiingia unaiona pumzi yako mwenyewe. Kutwa nzima amevaa koti refu na kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Tangu nianze kazi nilikuwa nimeona macho yake tu, na salamu zetu zilikuwa za kuinuliana kidevu.

Usidhani sikujaribu. Nilimuuliza dereva wa gari la kusambaza, maana ndiye anayeongea naye zaidi, Barafu anapenda nini. "Anapenda mlango ufungwe," akanijibu, akawasha gari. Nikaingia madukani, nikanusa marashi mpaka kichwa kikaniuma. Nikashika kikombe nikakirudisha, kwa kuwa kiwandani vikombe vimejaa na hakuna anayeviosha. Nikasema nitakuja kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Asubuhi ya siku yenyewe nikajikuta mikono mitupu, nimechelewa, na macho yakapanda juu ya kabati, kwenye ule mfuko wako wenye skafu.

Sikuwahi kuivaa, Shangazi. Wewe nilikuambia naivaa kila siku na watu wananisifia. Niliijaribu mara moja tu, nikaiona nzito, na ile rangi ya damu ya mzee nikaona inanifanya mama mkwe wa mtu kabla sijaolewa. Nikairudisha mfukoni. Asubuhi ile nikaifunga kwa karatasi ya kalenda ya zamani, nikatoka mbio.

Aliifungua saa ya chai mbele ya watu wote. Kisha akavua kofia, tukaona kwa mara ya kwanza kwamba ana mvi na kishimo shavuni. Akaizungusha skafu shingoni, akafumba macho. Watu wakapiga makofi. Msimamizi akasema, "Mnaona? Huyu amemfikiria mtu wake!" Wako waliofanya naye kazi miaka na miaka na hawakuwahi kukumbuka kwamba shingo yake inapigwa na baridi. Hata mimi sikukumbuka. Nilibahatisha, nikasifiwa.

"Umeipata wapi, mdogo wangu?" akaniuliza. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikausikia mdomo wangu ukijibu, "Nimeifuma mwenyewe." Akanishika mikono yote miwili, akawa anaviangalia vidole vyangu kimoja kimoja. Mimi huyu, ambaye likizo nzima ulinifundisha kushika sindano na nikaishia kumfunga paka kwa uzi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Tangu siku hiyo akawa ananiletea chai mezani. Aliniambia kwamba tangu mama yake afariki hakuna aliyewahi kumtengenezea kitu kwa mkono. Niliinywa ile chai na haikushuka vizuri.

Kisha ukapiga simu. Ukaniambia kwamba ule ukingo wa bluu wa skafu hukununua uzi wake dukani, ulifumua sweta ya Bibi, ili mama yako aendelee kunikumbatia shingoni huku ugenini. Mimi nikasingizia mtandao, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Ile sweta, Shangazi! Ile tuliyofutia kamasi wajukuu wote, iliyokuwa haikosi peremende mfukoni. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na safari hii mjukuu mwenyewe ni mimi.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Kesho yake nilimwendea Barafu nikamwambia nimeona ukingo una uzi uliolegea, anipe nikaurekebishe. Akaivua palepale. Tena akaniomba radhi, akasema labda ni yeye aliyeilegeza kwa kuivutavuta. Nikaenda nayo nyumbani, nikaivaa mbele ya kioo, nikaunusa ule ukingo. Harufu ya Bibi haikuwepo. Ilinukia sabuni ya Barafu na maziwa. Nilikuwa nimekusudia kumwambia imepotea. Naona haya kuiandika sentensi hiyo, lakini ndivyo nilivyokusudia.

Asubuhi roho ikakataa kuiacha nyumbani, nikaenda nayo kazini, na nikiwa bado nimeificha kwenye mkoba, nikatumwa nyuma kuulizia makreti. Nikamkuta amejifunga taulo la jikoni shingoni, anapanga huku anakohoa. Aliponiona akatabasamu. "Usiharakishe, mdogo wangu. Kazi nzuri haitaki pupa."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, baridi inatoka, dereva anatupigia kelele tufunge. Nilimwambia ni wewe uliyefuma. Nikamwambia ile bluu ni ya nani. Nikamwambia hata habari za juu ya kabati, na za kusema imepotea.

Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Nilipomtolea skafu aliupapasa ule ukingo kidogo, akanirudishia. "Hii ina wenyewe," akasema. "Muulize shangazi yako. Akiridhia, nitaivaa. Asiporidhia, siigusi." Akachukua kreti lake. Halafu bila kugeuka akaongeza, "Na chai kuanzia leo utajichotea." Sasa ananiita dada wa oda, kama wanavyoniita madereva.

Basi Shangazi, msamaha sikuombi leo, nitauomba uso kwa uso nikija, na nikija nitakaa chini unifundishe tena sindano, paka akiwa nje. Leo naomba jibu tu. Ukisema skafu ibaki kwetu, nitaivaa mpaka ichakae, na yeye nitamtafutia kitu kingine, safari hii kwa kumfikiria. Ukiridhia aivae yeye, sema kwa maneno yako mwenyewe, maana ya kwangu haamini tena na simlaumu. Nimeikunja kwenye droo ya meza yangu. Yeye bado anaingia chumba kile na taulo.

Nisalimie Mjomba, mwambie redio haimsikii. Msalimie binamu yangu fundi cherehani na mapacha wake, na yule jirani wa ng'ambo ya ua anayeazima ungo wako asiurudishe. Mungu akulinde, akuondolee maumivu ya magoti, na mikono yako hiyo aitunze kuliko yote.

Wako akupendaye, mwenye haya,
Kidomo

N.B. Ukiona barua itachelewa, piga simu ya ofisini. Mimi ndiye ninayepokea. Usinijibu mimi kitu, hata salamu. Sema tu unamtaka mama wa chumba baridi, nami nitaenda kumwita.