Linux Mpya ya Parokia

Bukavu, tarehe 4 Februari 2002

Lucien mutoto wangu,

Asinge. Unaamukaje huko Kampala? Sisi tuko. Magoti tu ndiyo inanisumbua, lakini biro ya parokia pale Ibanda ninafagia kila asubuhi. Unakula vizuri?

Disque zako tatu zilifika ndani ya vitenge maman Euphrasie anatoa Kampala kuuza. Nilizipeleka mwenyewe kwa Padri Léopold, mbele ya watu wote wanaokuja kutafuta watoto waliopotea ku vita. Nikasema: ni Lucien alitia Linux, ile programu inayoendesha kompyuta, mu hii ordinateri, na ni yeye anatuma mpya, hata akiwa mbali. Maman Francine alikuwa pale. Juu ya vile Didier yake anaandika majina ya watoto mu hiyo mashini, anazani amezaa enjinia. Nilimuambia, kudonoa-donoa hata kuku anajua. Watu walicheka sana.

Padri anaomba utuandikie namna ya kuingiza hiyo mpya. Majina ni mia tatu na kumi na mbili, na nyumba walimowekwa. Yote iko mule ndani tu. Makaratasi askari walichoma.

Mama yako mwenye kujivuna

Kampala, tarehe 27 Februari 2002

Mama mupenzi,

Mimi niko muzima, ninakula. Usibebe maji na hayo magoti.

Ukurasa huu umusomee Padri. Mutie disque ya kwanza, muwashe mashini. Itauliza munataka nini. Muchague «mise à jour», ndiyo kutia mpya juu ya ile ya zamani. Maswali mengine mujibu «oui», ndiyo.

Ukurasa wa pili

Huu umupe Didier mukononi. Didier ndugu yangu, mbele ya kuanza, nakili majina yote pembeni. Hapa nimejaribu mara mbili, na mara mbili mashini ilikufa katikati. Courant ya umeme ikikatika, usianze tena. Ikiuliza kama ifute kila kitu, ile moja ujibu «non», hapana. Wewe unajua kunipita. Ni wewe ulinifundisha. Ukiona vibaya, acha ya zamani, inatosha.

Mutoto wako

Bukavu, tarehe 2 Aprili 2002

Lucien wangu,

Asinge, papa. Homa imeniacha. Wewe je, kifua?

Padri nilimupa ukurasa wa kwanza. Ule wa pili ulibaki mu Biblia yangu. Ningeusomaje, Francine asikie eti mutoto wangu alishindwa mara mbili, eti Didier ndiye alimufundisha? Kuna maneno mutoto haandikie mama yake.

Didier aliuliza: «Maman, hakuna ukurasa mwingine? Hakusema tunakili?» Nikamuambia, Lucien ameandika yote, wewe bonyeza. Ilifika nusu, courant ikakatika. Iliporudi, mashini ilikuwa nyeusi, inaandika mustari moja tu. Padri akasema waanze tena. Ikauliza kama ifute. Didier aliondoa mukono. Alisema: «Hapa mimi naogopa.» Nikamuonyesha mwandiko wako: «oui». Padri akasema bonyeza, akabonyeza.

Linux mpya ni ya kupendeza, rangi ya bluu. Majina hakuna.

Wamama walilia ku mulango mpaka askari wakaja. Wakauliza ni mukono ya nani ilifuta. Watu wakasema, ya Didier. Wakasema ametumwa na wapiganaji wa Mai-Mai kuficha watoto. Wakamubeba bila viatu. Padri alitaka kusema, wakamusukuma.

Jina lako halikutajwa. Tulia.

Mama yako

Kampala, tarehe 20 Aprili 2002

Mama,

Nakusalimu. Leo hii, si kesho, peleka ukurasa wa pili kwa Padri. Naye awaonyeshe askari kwamba Didier aliuliza, na kwamba kosa ni langu na lako. «Oui» niliandika mimi. Kama unaona haya kwa maman Francine, pitia nyuma. Nimemuandikia Padri vilevile, barua yake iko kwa maman Euphrasie.

Watamuua, mama.

Lucien

Bukavu, tarehe 9 Mei 2002

Mutoto wangu,

Asinge. Ulisahau kuniuliza magoti. Yanaenda vizuri.

Barua ya Padri maman Euphrasie alinipa mimi, juu ni mimi nafungua biro asubuhi. Iliwasha mbabula, jiko yangu ya makaa, pamoja na ule ukurasa. Siyo ubaya. Nilikuzaa peke yangu, nikauza mihogo ku soko ya Miti usome, sitakuacha ukajitie kinywani mwa askari kwa kalamu yako.

Didier walimupandisha ku camion ya askari inayoenda Kavumu. Siku ya tatu mwenye duka moja kule alileta shati. Francine aliitambua kwa kifungo. Sasa ananisalimia wa kwanza, tena kwa heshima. Alinishika mukono, akasema: «Maman Lucien, wako anajua mashini. Muandikie asaidie, labda majina ingali mule. Na jina ya wangu mudogo aliyepotea ilikuwa ndani.» Nilimuahidi.

Padri anatafuta mutu wa kuandika upya. Nilisema, mutu yuko. Wote walifurahi. Kiti nimeshapangusa. Njoo na bateau ya Goma, nitakungojea ku bandari na Francine.

Mama yako anayekupenda

Bukavu, tarehe 30 Juni 2002

Lucien,

Asinge. Bateau nne zimefika.

Mama yako