Majibu ya Babu Luhende

Ilembo,
Mpanda, Katavi.
14 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba Alois,

Shikamoo. Habari za Mtwara na joto la huko? Goti linaendeleaje, na presha je? Huku Mama na mimi tu wazima. Mpunga ulitoka vizuri mwaka huu, ila vumbi la kiangazi limetukausha koo wote.

Ningeweza kupiga simu, lakini jambo hili ungelikatisha kwa kicheko kama kawaida yako. Kwa hiyo nimekaa chini niandike.

Tangu Juni nimepata kibarua kwenye utafiti wa afya ya wazee. Tunazunguka Kakese, Ilembo na Mwamkulu tukiwauliza wazee maswali kumi na tano ya ndiyo au hapana, kujua nani ana sonona, ile huzuni ya muda mrefu inayogeuka ugonjwa. Kila mzee anaulizwa mara mbili, wiki mbili zikipita katikati, ili kukipima kipimo chenyewe. Gunia likisoma kilo mia leo na kilo sitini kesho, na hakuna aliyechota kitu, mizani hiyo haifai.

Ndugu haruhusiwi kumhoji ndugu, basi mama yako, Bibi Skolastika, aliangukia kwa mwenzangu Danford. Alimkuta uani Mwamkulu saa nane mchana, anachambua mchele. Bibi alijibu kwa upole: analala, anakula, hana huzuni, Mungu ni mwema. Alama sifuri, yaani hana dalili hata moja. Danford alipofunga karatasi, Bibi akamwonyesha kiti cha Babu pale ukutani, akasema, "Sasa muulize na mzee."

Danford si mtu wa hapa. Hakujua kwamba baba yako, Babu Luhende, tulimzika miaka mitatu iliyopita. Alidhani mzee yuko ndani na anatoka, akasoma swali la kwanza kwa sauti. Aliyejibu ni Bibi, ila sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, na ilitanguliwa na kikohozi kile Babu alichokuwa akikitoa kwenye bani la kukaushia tumbaku. Danford aliniigizia, nikasimama wima. Mjomba, huyu kijana hajawahi kumsikia Babu maisha yake yote.

Ile sauti ilisema hana usingizi. Chakula kina ladha ya majivu. Haoni sababu ya kutoka nje, na hakuna anayemhitaji. Danford anasema alitaka kuacha akashindwa, mkono ukawa unaandika tu. Karatasi ya pili ikatoka na alama kumi na nne.

Wiki mbili baadaye alikwenda mwingine, dada mmoja mtulivu anaitwa Aurélie, ambaye hakuwa ameambiwa lolote. Akarudi na karatasi mbili, moja sifuri, nyingine kumi na nne. Tulizilinganisha na zile za kwanza, zikafanana jibu kwa jibu. Aurélie alikwenda kunawa mikono.

Muuguzi anayetusimamia, Bi. Goreth, alizitazama muda mrefu. Akasema Bibi ni mmoja na karatasi zote ni zake, maana wazee wengi hawawezi kuitamka huzuni kama ni yao. Kilichomsumbua yeye ni zile sifuri mbili. Kwa hesabu zetu kipimo kilikuwa kimelingana vizuri kabisa, na Bibi angeandikwa mzima huku anaisha.

Jumamosi nilikwenda mwenyewe, bila karatasi, nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Mimi nina wajukuu wananitazama, siwezi kulia lia," alisema, akakitazama kiti cha Babu. "Yeye hana wa kumwonea aibu."

Tumempeleka hospitali, anameza dawa, na kila Alhamisi Bi. Goreth anakuja kuzungumza naye. Amekonda mpaka nguo zinamvuka. Sijui tulikuwa tunaangalia wapi. Juzi, kwa mara ya kwanza, alisema kwa sauti yake mwenyewe kwamba amechoka. Akalia, nami nikalia.

Nilidhani limekwisha. Nikawa nimeinuka kuaga, nimempa mgongo, kile kikohozi kikaja.

"Muulizeni na Alois," sauti ikasema. "Anakaa kitandani mpaka kunakucha, viatu miguuni. Hasafiri wala halali."

Nilipogeuka, Bibi alikuwa anakunja kanga yake. Akaniuliza nasubiri nini.

Mjomba, tangu Mama Patrick afariki ukabaki peke yako kwenye nyumba ile, kila ukipiga simu unasema uko salama, nasi tunalipokea jibu hilo na kurudi kwenye shughuli zetu. Nimemwuliza mwanao Patrick, akasema baba hana shida. Habari za viatu hakuna aliyemwambia Bibi, kwa sababu hakuna anayezijua, kama zipo.

Mimi ni mpwa wako, siruhusiwi kukuhoji. Basi sikuulizi. Chumba chako Mwamkulu nimekifagia na kutandika. Kama viatu umeshavaa, Mjomba, panda gari uje.

Mama anakusalimu sana, na Bibi pia. Nisalimie Patrick na mkewe Providence, na wajukuu uwabusu. Mungu akushike mkono hapo ulipokaa, akuinue.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Lidia