Gunia la Musyimi

Wacuka, fungua grupu ya kanisa kabla jirani yangu Musyimi afute.

Ameweka picha ya Bosco. Mbwa nimemzika leo asubuhi na mikono yangu, halafu huyu anaandika "Pumzika, rafiki yangu wa miaka tisa."

Rafiki yangu. Musyimi.

Na watu wanampa pole, na anazipokea. Mtu hana haya hata kidogo.

Si unakumbuka nilimtoa Bosco kwa mtaro pale Sultan Hamud akiwa mdogo, amefungiwa ndani ya gunia la ndengu? Gunia la Musyimi. Jina aliandika mwenyewe na rangi nyekundu, eti lisiibiwe sokoni.

Bosco amelalia hilo gunia miaka tisa.

Nimelipiga picha nikaituma hapo chini ya pole zao. Jina bado linasomeka.