Magurudumu Yamerudi Bila Wewe

Mdogo wangu Ntandu,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu simu yako imenichosha. Yule dada anayesema mteja hapatikani, sasa sauti yake naijua kuliko za majirani zangu hapa Mandewa, Singida. Nimesema basi, niandike wazi, huenda akasoma mtu aliyekuona, akakuambia dada yako anakutafuta.

Kwanza ujue fremu ya baiskeli ya baba ipo. Nimeiweka juu ya matofali karibu na pipa la maji, nimeifunika turubai. Kuku wanalala juu yake, nawafukuza, wanarudi.

Mpaka leo watu wanacheka wakikumbuka tulivyogawiwa. Siku ya kumaliza msiba wa baba, wazee walikuwa wameshagawa shamba, mbuzi na plau, jua linachoma, kila mtu amechoka. Ilipofika zamu ya baiskeli, wewe ukaniangalia, nami nikakuangalia. Baba mdogo akatuona. Akasema, "Dada mtu achukue fremu. Ntandu achukue magurudumu. Mkitaka kupanda, mtatafutana." Uwanja mzima ukaangua kicheko, na macho yetu bado yamevimba kwa kulia. Hata mama alicheka. Wewe ukaninong'oneza, "Dada, usije ukauza nusu yako."

Wiki hiyohiyo ukayafunga magurudumu yako juu ya basi la Itigi, ukaenda zako Mitundu kwenye biashara ya asali. Ulisema sikukuu utakuja nayo, tuiunge baiskeli, tupande mpaka tuchoke. Nikakuamini. Kwa nini nisikuamini? Ulikuwa hujawahi kunidanganya, ukiacha mambo ya sukari guru kabatini.

Unakumbuka baba alivyokuwa akinyoosha ringi? Anaigeuza baiskeli kichwa chini, miguu juu. Mimi nazungusha pedeli, wewe umechuchumaa na chaki, umeibana kwenye uma, mkono hautikisiki. Ringi ikiyumba inaikwangua chaki, inabaki alama. Baba anakaza spoku za upande wa pili, tunaanza tena. "Taratibu, mama," ananiambia, "usiikimbize, hatuendi popote." Ile ya nyuma alikuwa ameisuka kwa spoku nene za pikipiki, kwa sababu ya matenga ya kuku aliyobeba kwenda mnadani, na ilikuwa kaidi, mnaweza kuhangaika nayo asubuhi nzima. Ukimaliza una chaki mpaka kwenye nyusi. Ringi ikishakaa sawa, baba anasema, "Mwiteni mama yenu apande."

Mama alikuwa anakataa kwanza, lazima akatae. Halafu anakaa upande kwenye keria, anabana kanga, anaanza kupiga kelele baba hata hajakanyaga pedeli. "Ntandu! Shika nyuma! Ntandu, umeshika?" Nawe unakimbia nyuma yao umeshika keria mpaka barabarani, na muda mwingi ulikuwa umeshaachia, unakimbia tu huku unajibu, "Nimeshika, mama!"

Sasa miguu ya mama imekataa. Kwenda kliniki ni shida. Bodaboda hataki hata kuiona. Nikimbembeleza ananiuliza, "Na nani atashika nyuma?" Mwaka huu nikasema potelea mbali, nitaweka magurudumu mengine, nimsukume mwenyewe taratibu. Nikamwita fundi Saidi. Alipoiona fremu alifurahi kama kakutana na rafiki wa zamani, kisha akatikisa kichwa. Akaniambia, "Dada, hizi breki za vyuma zinavuta kwenda juu, zinabana ringi kwa ndani. Ringi za siku hizi hazina pa kubanwa. Kwenda utakwenda, kusimama ni Mungu tu." Tukakubaliana atoe vile vyuma, aweke breki za waya.

Alikuwa ameshaanza kufungua nati ya kwanza. Mama akatoka, kashika ukuta. "Ukifunga magurudumu mengine hapo," akaniambia, "umemzika mwanangu." Hakupaza sauti. Fundi akairudishia nati yake, akakusanya spana zake, akaaga.

Ndipo nikaja Mitundu, mdogo wangu. Nimeuliza dukani, nimeuliza stendi, mpaka nikafika kwa yule mama mwenye nyumba uliyopanga. Aliponiona tu akasema, "Wewe ni ndugu yake, macho yaleyale." Akanikaribisha, akanipa maji. Kisha akaniuliza mimi habari zako.

"Alisema anasogea mbele kidogo," akaniambia, "tangu mavuno ya asali yale ya mwaka juzi. Mimi nilijua yuko kwenu."

Nikaweka kikombe chini, nikamuuliza vitu vyako viko wapi.

Magurudumu yalikuwa juu ya kenchi, kwenye mbao za paa, yamefungwa kwenye mfuko wa sandarusi. Akaniambia ulikuwa ukiyashusha, unayazungusha, unayapandisha tena, na wapangaji wenzako walikuwa wanakutania una mke wa chuma. Nikafungua. Grisi ipo kwenye ekseli. Spoku iliyokatika umeweka mpya. Ringi zinang'aa, hazina kutu hata chembe. Nilikuwa nimekuja na maneno makali ya kukuambia, Ntandu, nimeyabeba kutoka Singida. Yaliisha palepale.

Niliyachukua. Nilifikiri namletea mama furaha. Sijui nilikuwa na akili gani.

Fundi Saidi akayafunga mchana, nami nikamwita mama, "Njoo uone!" Akatoka. Akayaona, akayajua, akatabasamu. Kisha akaangalia nyuma yangu, akaangalia getini. Akangoja. Akaangalia tena.

"Na mwenyewe?"

Nikamwambia nimeyakuta yenyewe tu. Mama akakaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu, akaweka mikono kichwani. Akaanza kukulilia kwa Kinyaturu, kilio kilekile alichomlilia baba. Majirani wakaja mbio wakifunga kanga, "Nani? Nani jamani?" Mmoja akaingia moja kwa moja sebuleni, akaanza kutoa viti nje. Mungu wangu. Nilikuwa nang'ang'ania kiti na yule mama huku nasema hajafa mtu, hajafa mtu, rudisheni vitu ndani. Na nikisema hivyo najisikia muongo, kwa sababu sijui. Wewe ndiye unayejua.

Jioni alipotulia akaniambia, "Yarudishe."

"Wapi, mama?"

"Ulikoyatoa. Akirudi pale akayakosa, atakuja nyumbani na nini?"

Nimekasirika, mdogo wangu. Nina hasira na wewe, na nina hofu ambayo siwezi kumwambia mtu humu ndani, na nimekukumbuka. Kama kuna aibu iliyokufunga, iwe ya biashara kuharibika au nyingine yoyote, hakuna hata mmoja hapa atakayekuuliza. Nitamziba mdomo atakayejaribu. Wewe unanijua.

Fundi ameyafungua. Aliniangalia kama anayemwangalia mtu aliyechanganyikiwa, akafungua tu. Yako mlangoni sasa, kwenye sandarusi ileile, na kesho napanda basi la Itigi na furushi hili. Yatarudi juu ya kenchi ileile, upande uleule. Nimeshaongea na mama mwenye nyumba, amekubali. Fremu itabaki kwenye matofali.

Ringi ya nyuma bado inacheza kidogo upande wa kushoto. Fundi alitaka kuinyoosha, nikamkatalia. Hiyo ni kazi yetu wawili, na chaki ninayo.

Njoo nayo mwenyewe, Ntandu. Mama bado anaangalia getini.

Mimi dada yako,
mwenye fremu.